Walivyomtoa mwenzangu Portland, na tulivyomwacha kijana wetu Ngamiani

Mwaka wa tisa huu naishi Portland, jimbo la Oregon, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama mmoja Mmarekani ninayeshika naye zamu ya usiku alifiwa na mwanawe wa kiume. Kwa miaka minne nilimwona anakuja, anafanya kazi, anaondoka, kama mtu anayetembea usingizini. Vidonge alimeza. Washauri aliwaona. Mwaka jana akaniambia anakwenda kutibiwa kwa uyoga, akaniomba jioni nimpitie, maana baada ya tiba ile hawakuachi ujiendeshee gari.

Nilishtuka, sifichi. Mtoto wa Tanga aliyeona unga ulivyowamaliza vijana wa mtaani kwao hawezi kusikia habari kama hiyo akatulia. Lakini hapa Oregon jambo hilo wananchi walilipigia kura Novemba 2020, na 2023 vituo vya kwanza vikaanza kupokea watu. Dawa iliyomo kwenye uyoga huo, inayobadili fahamu za mtu, inaitwa silosaibini. Serikali kuu ya Marekani bado imeipiga marufuku. Ruhusa ni ya jimbo, kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, na unaula palepale kituoni huku msimamizi mwenye leseni amekaa nawe. Kubeba kwenda nao nyumbani hakuna.

Kilichonikaa moyoni ni yale yaliyofanyika kabla na baada.

Kabla, sheria inataka mtu akae na msimamizi walau kikao kimoja cha matayarisho. Mwenzangu alikaa viwili. Aliulizwa dawa anazotumia, kwani aliyemeza lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, ndani ya siku 30 hapokelewi. Aliyewahi kuugua saikosisi, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuona maruweruwe, naye anarudishwa. Akaulizwa anaogopa nini. Akaulizwa nani atakuwa nyumbani usiku ule. Akaulizwa: ukilia, unataka ushikwe mkono, au uachwe? Jibu likaandikwa, akatia saini kabla hajagusa uyoga wenyewe, ili siku ile asiwepo mtu wa kumkisia.

Nilipokwenda kumchukua macho yalikuwa yamevimba, uso umetulia. Njia nzima hatukuzungumza. Akaomba supu.

Baada ya hapo kuna vikao ambavyo wao wanaviita vya kuunganisha, yaani kuyaunganisha aliyoyaona mtu na maisha yake. Kituo kinalazimika kumpa mteja nafasi hiyo, ingawa mteja anaweza kukataa. Yeye alikwenda mara nne. Kule ndani ya dawa alikuwa ameona viatu vya mwanawe, vilevile vilivyokaa mlangoni miaka minne bila mtu kuvisogeza. Msimamizi hakumfasiria chochote. Alimuuliza tu anataka viatu vile viende wapi. Zilipita wiki tatu ndipo akaweza kuvifunga kwenye mfuko na kumpelekea rafiki wa marehemu.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Pongwe. Alipopungwa pepo nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya mlango. Ngoma ya kilingeni ilikuwa usiku mmoja, lakini kulikuwa na siku za miiko na mafusho kabla yake, na baada yake hakuachiwa kwenda sokoni wala kisimani. Mwanamke mmoja alikaa naye chumbani siku saba, anamlisha, anamsikiliza anaposimulia alikofika. Najua mabishano yetu kuhusu ngoma za pepo. Baba yangu mwenyewe hakuzitaka nyumbani kwake, na mimi sitaki kuyaamua hapa. Nasema tu kwamba wazee wale walikuwa na maneno mawili, kuingizwa na kutolewa, na walijua kwamba kutolewa ni kazi inayohitaji mtu na inayohitaji siku. Mwali alikuwa na kungwi wake. Mjane ana eda yake, miezi minne na siku kumi. Hata mtoto mchanga hutolewa nje siku ya arobaini, watu wakasimama.

Wenye uyoga huu walikuwa hivyohivyo. Kule Oaxaca, Mexico, Wamazateki waliula usiku, wakiongozwa na mganga, kwa kumtafutia mgonjwa tiba, na kulikuwa na miiko kabla na baada. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Gordon Wasson, alipokelewa kwenye usiku kama huo na mganga María Sabina. Mwaka 1957 akayaandika jaridani. Wageni wakamiminika kijijini kutafuta maruweruwe, wanakijiji wakamlaumu mama yule, nyumba yake ikachomwa moto. Walichukua uyoga, wakaacha miiko. Leo Oregon inawaandikia leseni watu waliosomea saa 120 pamoja na mazoezi, ili wafanye sehemu iliyoachwa kule.

Na inauzwa ghali. Mwenzangu alilipa zaidi ya dola 2,000, bima haikutoa hata senti. Hapo ndipo nilipokasirika kwa niaba yake. Mwanawe alipokufa alipewa siku tatu za mapumziko, akarudishwa zamuni. Mimi mama yangu alipofariki nilipewa hizohizo tatu. Nilifika Tanga udongo umeshakauka, nikalala usiku mmoja mkekani na wanawake wa matanga, nikageuza. Nchi hii inamnyima mtu matanga, halafu baada ya miaka minne inamuuzia.

Nyumbani tunavyo hivyo vyote bure, kwa msiba. Kwa mambo mengine tumeviachia vipotee, na hapa nazungumzia kwetu, sizungumzii kwa jirani.

Mtoto wa kaka yangu alitumia unga miaka mitano. Mwaka juzi alikubali kuingia soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, akakaa miezi saba. Siku ya kutoka alifuatwa na bodaboda, akateremshwa nyumbani na begi lake, akapewa chai. Jioni watu wameshaficha simu zao. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, kule ndani mwake. Aliponipigia aliniambia, “Shangazi, wananiangalia mikono.”

Basi asinielewe vibaya mtu. Sisemi tumtafutie uyoga. Kwa sheria ya Tanzania ni dawa za kulevya, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo unaweza kumharibu moja kwa moja. Huku ng'ambo kwenyewe wataalamu bado wanavutana: Australia imewaruhusu madaktari wa akili waliopewa kibali kuitumia silosaibini tangu Julai 2023, tena pamoja na vikao vya mazungumzo, na Marekani mwezi Agosti 2024 mamlaka ya dawa ililikataa ombi la dawa nyingine inayobadili fahamu, MDMA, kwa watu wenye majeraha ya akili. Ninachokitaka kwetu Ngamiani, Tanga, ni kile kiti cha pembeni anachokalia msimamizi. Mtu mzima mmoja, aliyechaguliwa kabla kijana hajatoka soba, amtembelee angali mle ndani, wakubaliane ukilia nikufanyeje, ukitamani kurudi kwenye unga umpigie nani saa nane ya usiku. Kisha akae naye siku arobaini.

Nilimwambia kaka. Akajibu, “Mtoto wa kiume hakalishwi ndani kama mwali.” Nikamuuliza, kwani aliyemaliza miezi saba ya arosto na kujinyima ametoka wapi, kama hakutoka ndani? Akakata simu. Wiki nzima hatukusalimiana, na mimi ni mdogo wake, sikuzoea.

Aliyekubali ni fundi seremala wa mtaa wa pili, ambaye yeye mwenyewe alipita soba zamani. Anakuja baada ya swala ya alasiri. Siku nyingine wanashuka hadi Raskazone wanakaa kutazama majahazi, siku nyingine kijana hataki kutoka na fundi anakaa barazani peke yake mpaka magharibi, anaaga, anakwenda zake. Leo ni siku ya kumi na tisa. Juzi kijana alimuuliza bei ya msasa.