Mcheza kwao hutunzwa, na vyuo vya Nairobi je?

Februari 2024 Kenya ilikuwa ingali inamlilia Kelvin Kiptum, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 11, Henry Rono alipofariki hapa Nairobi tarehe 15, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 72. Msiba mmoja ukaumeza mwingine. Simlaumu mtu. Kiptum alikuwa kijana, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, na uchungu wake ulikuwa mbichi. Lakini wiki ile nilijikuta nikiwaeleza wanafunzi wa chuo, tena wanariadha, Rono alikuwa nani. Hawakuwa wamewahi kumsikia.

Kati ya Aprili 8 na Juni 27, mwaka 1978, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, kisha mita 3,000. Siku 81. Rekodi yake ya viunzi na maji ilikaa miaka 11 kabla ya Peter Koech kuipunguza mwaka 1989. Alipoziweka rekodi hizo Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mjini Pullman, Marekani, ambako pia alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya nchi hiyo mwaka 1976, 1977 na 1979. Chuo hicho kina ukumbi wa heshima wa wanamichezo na makocha wake, yaani mahali majina yao yanapowekwa yasisahaulike, na Rono yumo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu wetu alitunzwa ugenini.

Basi lile swali linalozuka kila wahitimu wanapokutana, kwenye mahafali au pembeni mwa uwanja, linastahili kujadiliwa kwa makini: vyuo vikuu vya Nairobi vianzishe kumbi za namna hii, au ni mapambo ya vyuo vya nchi zenye pesa?

Wanaopinga wana hoja, na sitaki kuzipita kama vile hazipo. Ya kwanza ni pesa. Vyuo vya umma vinadaiwa mabilioni ya shilingi, wahadhiri wamegoma zaidi ya mara moja kudai haki zao, na ukipita kwenye viwanja vya baadhi ya vyuo utakuta goli halina wavu na nyasi zimebaki pembeni tu. Mtu akikuuliza kwa nini ununue vioo na mbao za kuandikia majina kabla ya kununua mipira, huwezi kumwambia hana akili.

Ya pili ni nani atakayeingia. Baada ya sakata la Olimpiki ya Rio mwaka 2016, sare na pesa za wanamichezo zilipoishia mikononi mwa watu wasiohusika, Mkenya ana kila sababu ya kuogopa kwamba ukuta wa heshima utaanza na wachezaji na kuishia na wenyeviti wa kamati, wafadhili, na mwanasiasa aliyewahi kurusha mpira wa kwanza. Ongeza hapo janga la dawa za kusisimua misuli, lililotulazimu kuunda wakala wa kupambana nalo mwaka 2016. Leo unamtundika mtu ukutani, kesho unaitwa kumshusha.

Na ya tatu, ambayo naiona ndiyo nzito kuliko hizo mbili: mabingwa wetu wengi hawakutoka vyuoni. Walilelewa na jeshi, polisi na magereza. John Ngugi, aliyeshinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alikuwa mwanajeshi. Katika michezo hiyohiyo, dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Paul Ereng na ya mita 1,500 na Peter Rono, na wote wawili walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, Ereng Virginia na Rono Mount St. Mary's kule Maryland. Vyote viko Marekani. Kwa hiyo, wasema wapinzani, chuo cha Nairobi kikijenga ukumbi kitamweka nani humo?

Hapo ndipo ninapoachana nao. Swali lao limeshachukua medali ya Olimpiki kuwa ndicho kipimo cha pekee, na nchi hii imezoea kipimo hicho kiasi kwamba hatuoni tena kinawaacha nje watu gani. Henry Rono mwenyewe hana medali ya Olimpiki. Kenya iliigomea Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, na miaka yake ya ubora ikaangukia katikati. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akafungiwa mlango na migomo hiyohiyo miwili, akashinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola Edmonton mwaka 1978, kisha akasoma hadi shahada ya uzamivu na kuja kuwa profesa wa sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukimpima Boit kwa medali za Olimpiki unapata shaba moja. Ukimpima kama mtu aliyekimbia, akasoma, akarudi kufundisha watoto wa wenzake, unapata maisha ambayo mwanafunzi anayeingia chuo leo na viatu vyake vya mbio begani anapaswa kuyajua kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Chuo kina kipimo chake, na ukumbi wa heshima wa chuo si wa taifa. Taifa tayari lina Sikukuu ya Mashujaa kila Oktoba 20, na lina Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya mwaka 2014. Chuo chenyewe kinauliza jambo dogo zaidi: nani aliichezea jezi hii, na akaiacha ikiwa na thamani kuliko alivyoikuta?

Ukiuliza hivyo, majina hayawi haba hata kidogo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1970. Mwaka 1977 wanafunzi wake wa raga wakaunda Mean Machine, na mwaka huohuo wakalitwaa Kombe la Kenya, wakiwa wanafunzi dhidi ya klabu za watu wazima wenye kazi, magari na viwanja vyao. Fikiria hilo. Timu ya mwaka wake wa kwanza, wachezaji wanaokula mesi na kufanya mitihani. Raga ya nchi hii, hadi ile alasiri ya Aprili 2016 ambapo Kenya iliifunga Fiji 30-7 katika fainali ya raga ya wachezaji saba kila upande kule Singapore, ina deni kwa viwanja vya vyuo: Machine, Blak Blad wa Kenyatta, Leos wa Strathmore. Mpira wa magongo nao ndivyo. Nenda uwanja wa City Park, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, mwishoni mwa juma lolote la ligi, uhesabu wasichana wangapi wanacheza kwa sababu chuo fulani kiliwapa karo kwa ajili ya gongo. Hakuna hata mmoja wao atakayewahi kupokelewa uwanja wa ndege kwa mursiki, yale maziwa ya mgando wanayonyweshwa mabingwa.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni makocha.

Mchezaji wa chuo ana miaka minne, mitano akichelewa. Kisha anaondoka na kumbukumbu zake, na chuo kinabaki na sura mpya zisizojua lolote. Katika mzunguko huo mtu mmoja tu hubaki, naye ni kocha, ambaye mara nyingi hata si mwajiriwa kamili, analipwa posho inayochelewa, anapanda matatu jioni akiwa na mfuko wa mipira miguuni. Niliwahi kuhudhuria ibada ya wafu ya kocha wa namna hiyo. Chuo alichokitumikia sitakitaja. Aliyesoma wasifu alisema marehemu alifundisha “kwa miaka mingi”. Mingapi? Mwakilishi wa chuo hakujua. Familia haikuwa na uhakika. Nyuma ya kanisa, tuliokuwa wachezaji wake, tukaanza kuhesabu kwa kunong'ona: sisi tulimkuta, waliotutangulia nao walimkuta, yule dada aliyekuwa nahodha alipoingia, marehemu ndiye aliyemfundisha kushika gongo. Tulifika miaka 19, kwa kuunganisha vichwa vyetu tu. Hakukuwa na karatasi yoyote. Vikombe alivyoshinda vilikuwa kwenye kabati la ofisi ya michezo, na ukivigeuza hukuti hata jina moja lililochongwa.

Miaka 19 ya kazi ya mtu, na shahidi wake ni minong'ono ya benchi la nyuma. Kila ninaposikia kwamba ukumbi wa heshima ni anasa, narudi kwenye benchi lile.

Linganisha na alichofanyiwa LeRoy Walker. Alikuwa kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham, na ndiye aliyewafundisha Julius Sang na Robert Ouko, nusu ya kikosi cha Kenya kilichoshinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, kule Munich mwaka 1972. Chuo hicho baadaye kilimfanya mkuu wake, na jengo lake la michezo linabeba jina la Walker. Kocha wa wanafunzi wetu anatajwa kila siku na watoto wa Durham wanaokwenda mazoezini. Hapa kwetu kocha akistaafu anarudisha funguo za stoo.

Sasa nirudi kwa wapinzani, maana hoja yao kali kuliko zote imo ndani ya maisha ya Rono mwenyewe. Aliyetundikwa ukutani Pullman ndiye huyohuyo aliyehangaika na pombe, akaishiwa, akafanya kazi ya kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wa Albuquerque, na kurudi Kenya mwaka 2019 akiwa mzee. Ukuta haukumlisha. Mtu akisema heshima bila msaada ni maneno matupu, mfano huo unamuunga mkono, na sina la kuupunguza. Ila ninaona pia kwamba waliomsahau kabisa hawakumlisha zaidi. Chuo kinachojua majina ya wachezaji wake wa zamani walau kina pa kuanzia siku mmoja wao anapolazwa hospitalini au anapotafuta kazi. Chuo kisichojua hata idadi yao hakina.

Kuhusu wanasiasa na wafadhili, dawa inajulikana: sharti la kwamba mtu awe amecheza au kufundisha chuoni hapo, kusubiri miaka kadhaa baada ya kuondoka, kamati yenye wachezaji wa zamani wengi kuliko wasimamizi, na kifungu cha wazi cha kumwondoa anayepatikana na hatia ya dawa. Kamati zetu zinaweza kuvuruga hata kanuni nzuri, nakubali. Lakini kwa sababu hiyohiyo tungeacha kupiga kura za viongozi wa wanafunzi, na hatujaacha.

Na pesa? Hapa nadhani wapinzani wanapigana na jengo ambalo hakuna anayelihitaji kwa sasa. Anzeni na daftari. Ofisi ya michezo ya kila chuo iandike, mwaka kwa mwaka, orodha za timu, manahodha, makocha, mashindano na matokeo, kwa kukusanya picha za wahitimu, magazeti ya zamani na karatasi za mechi zilizobaki. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wawili wa historia wakati wa likizo, wakiwa na simu za kupigia picha na nauli. Ukuta, hata ukiwa ni wa korido ya kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, utakuja baadaye, na kitakachoandikwa juu yake kitakuwa kweli.

Isipokuwa muda si rafiki. Kijana aliyekuwa na miaka 21 Mean Machine ilipolitwaa Kombe la Kenya mwaka 1977 leo yuko kwenye umri wa miaka sabini. Picha za wakati ule zipo, nyeusi na nyeupe, katika albamu za nyumba za Buruburu, Lang'ata na vijijini, safu mbili za vijana wenye nywele ndefu, mikono imekunjwa kifuani, na mara nyingi hakuna jina lililoandikwa nyuma. Anayeweza kuwataja kutoka kushoto kwenda kulia bado anapokea simu.