Kupanda kilima na kundi ni adhabu

Jamani Glastonbury Tor ina mita 158 tu, kilima cha kawaida kabisa huko Somerset, Uingereza, sasa mbona na kundi tunapanda kama tunaenda Kibo?? Tumekubaliana saa nne, saa tano mtu ndo anauliza eti juu kuna choo! Huyu kiatu kinambana, yule yuko laivu, mwingine kabeba spika anapiga singeli mpaka kondoo wanakimbia. Nyie wenzangu mnavumiliaje?

Haya mmefika, mnara wa Mtakatifu Michael huo hapo hauna hata paa, abati (mkuu wa monasteri) wa mwisho wa Glastonbury alinyongwa kilimani hapahapa 1539, nani anajali? Wote wameupa mgongo wanapiga selfi. Na upepo ule, wigi la nani lile linaelekea Wales??