Paka Kasusa Samaki, Kesi Nimepewa Mimi

Shemeji yangu wa Malindi kanipigia simu asubuhi hii, hata viatu sijavaa. Hujambo hakuna, habari za nyumbani hakuna. "Shemeji, pole. Nasikia umewaletea watu samaki mbovu." Nikamuuliza kasikia wapi. "Sikusikia, nimeona. Picha ninayo. Paka mwenyewe kampa mgongo." Nikamwambia chaji inaniishia, na stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri, kwa hivyo hata uongo sikusema.

Mimi ni mtu mzima, jamani. Nina mvi zangu. Nina nafasi yangu barazani ambayo hakalii mtu hata nikiwa safarini. Watu wakigombania ukuta wa mpaka, mimi ndiye huitwa nikasikize pande zote mbili. Sasa heshima hiyo yote ya miaka imekwenda kukaa kwenye mgongo wa paka.

Paka mwenyewe anaitwa Balozi. Hatukumnunua, hatukumuomba. Alikuja uani, mama mkwe akamtupia mkia wa nguru, na tangu hapo akapata uraia. Jina tulimpa kwa sababu Mji wa Kale huu wa Mombasa hauna jiko asilolifanyia ziara rasmi. Kibokoni wanamjua. Karibu na Ngome wanamjua. Kuna nyumba moja huko nyuma ana jina jingine kabisa na mto wa kulalia. Mimi mto wangu umetoboka, lakini hayo tuyaache.

Kwangu mimi hakuna anayekula kabla chakula hakijapigwa picha. Bismillahi ipo, lakini kabla yake kuna "Ngojeni!" Binti yangu kasimama juu ya kiti na simu, na sisi tumeinua mikono hewani, watuhumiwa. Mbaazi za nazi zinapigwa. Chapati zinapigwa. Mahamri yaliyovimba yanapigwa kwa ubavu, ya juu na ya chini. Yale yasiyovimba hayapigwi, yanafichwa chini ya kitambaa, kisha analetewa baba. Zamani filamu ilikuwa na picha 36 tu. Ulipiga moja ya Idi, moja ya harusi, moja ya mtoto akijifunza kusimama, ukaenda studio ukangoja, na picha zikirudi unakuta nusu ni kidole cha ami yako. Lakini hakuna mtu aliyekuwa na wazimu wa kupoteza picha moja kwa kachumbari.

Sasa tuje kwa Ijumaa.

Kusi mnaliona linavyovuma. Bahari imechafuka, ngalawa zimepumzika, na samaki mchache anayepatikana anauzwa na mtu ambaye hakutazami usoni. Nikaenda kwenye soko la samaki huko Bandari ya Kale mapema, mwenyewe, kwa miguu yangu. Samaki namjua. Macho yawe yametuna, yang'ae. Ukimfunua mashavu, ndani pawe pekundu. Ukimbonyeza, nyama irudi mahali pake. Nikafunua, nikabonyeza, nikanusa, nikamgeuza, mpaka muuzaji akanambia, "Mzee, unanunua au unaposa?" Nikachukua changu wawili wa kutosha nyumba. Bei siitaji, nisije nikaugua tena.

Mke wangu akawapasua, akawatia chumvi, ndimu, kitunguu thomu, tangawizi na pilipili. Nazi nilikuna mimi. Mbuzi ya kukunia ninayo mimi kwa sababu kijana wangu ana mtihani. Kijana huyu, kila nazi ikipasuliwa, ana mtihani. Tui zito likapikwa na ukwaju na bizari mpaka likashika, seredani ikawashwa uani, samaki wakachomwa, wakapakwa, wakageuzwa, wakapakwa tena. Tui likidondokea makaa, ule moshi wake unajua wenyewe nyumba za kwenda. Mimi nikaenda msikitini na huo moshi ndani ya pua.

Narudi saa saba na robo. Sinia iko chini: wali wa nazi umekaa, changu wamelala juu yake, kachumbari pembeni, ndimu zimekatwa. Naketi. Nanawa. Nanyoosha mkono.

"Ngojeni!"

Mwanga, ati, haufai. Jua la saa hizi linaanguka wima, samaki anatoka na vivuli vibaya. Mimi sikujua samaki ana vivuli vizuri. Sinia ikanyanyuliwa, ikapelekwa karibu na roshani, mwanga uingie kwa ubavu. Tukaifuata. Sasa upande mmoja wa samaki unang'aa, upande wa pili giza. Binti akatazama huku, akatazama kule, kisha akanitazama mimi. Nikafurahi kidogo. Nikadhani leo nami nimo pichani.

"Baba, hebu simama hapo. Kanzu yako nyeupe, inarudisha mwanga."

Nimesomesha watoto. Nimejenga. Nimehukumu kesi za kuta. Na Ijumaa hiyo, baada ya swala, nilisimama mikono nimeitanua kama kamba ya kuanikia nguo, ili changu aonekane vizuri upande wa kushoto. "Baba, sogea. Baba, inua mkono huo. Baba, usipumue, mwanga unatikisika." Wali unapoa. Tui linashika ngozi. Tumbo langu likanguruma, na binti akasema kwa bahati nzuri hii ni picha, si video.

Mama mkwe, kwenye kiti chake: "Mwacheni mtoto, anatafuta riziki." Riziki gani? Hakuna aliyewahi kumlipa hata ndururu. Anayelipa ni mimi, na nalipa bando.

Mara binti akasema picha haina uhai. Nikamwambia mimi niko hai, ingawa kwa njaa hii sina hakika kwa muda gani. "Si wewe, Baba. Balozi." Maana picha za chakula peke yake watu wanapita tu, lakini akiwemo paka, mioyo inamiminika.

Balozi akaletwa, amebebwa kwa mikono miwili, akawekwa mkekani ubavuni mwa sinia. Akanyoosha shingo. Akanusa. Akapiga chafya. Akatikisa mguu mmoja wa mbele, taratibu, mbele za watu, kisha akageuka, akaketi, mgongo kwa samaki, uso kwa bahari.

Simu ikafanya ka-cha.

Nyumba nzima ikanyamaza. Kisha mama mkwe akasema, "Huyo samaki ana jambo."

Nikasema, mama, samaki huyu ana ndimu, ana ukwaju, ana pilipili. Mmeona wapi paka akipenda ndimu? Na kitunguu thomu kinamdhuru paka, akikikimbia ana akili kuliko sisi. Nilizungumza vizuri sana. Nilizungumza kwa hoja, kwa utulivu, na mikono bado nimeitanua kwa sababu hakuna aliyeniambia niishushe.

"Marehemu," mama mkwe akasema, "hakuwahi kuleta samaki akakataliwa na paka." Marehemu baba mkwe, Mungu amrehemu, kafariki miaka mingi, na mpaka leo ananishinda kununua samaki.

Nikamgeukia mke wangu. Huyu kampasua changu kwa mikono yake. Kamuosha, kamchoma, tui kalionja kijiko baada ya kijiko na kusema mashallah. Akanitazama, akamtazama mamake, akasema, "Sasa mkisema hivyo, kuna harufu nilihisi."

Basi nikaketi nikala. Peke yangu. Wakaunda duara. Kijana wa mtihani akatoka chumbani, mtihani umesimama: "Baba anamla kweli?" Mama mkwe kashika kikombe cha maziwa, tayari, kwa ajili ya sumu. Mke wangu akaniuliza kwa upole, upole ambao sijausikia tangu tupate mtoto wa kwanza, karatasi za kile kiwanja niliziweka kabati gani. Binti anarekodi. "Baba, geuka kidogo dirishani, uso uko gizani."

Changu wa kwanza nilimla kwa njaa. Wa pili nilimla kwa heshima, na heshima ina miiba. Ningeacha kipande, wangesema umeona, mwenyewe kamshindwa. Sikuacha. Nilimfyonza hadi kichwa. Wao wakati huo wametuma viazi karai na bhajia za kona, na aliyetumwa alikuja kuchukua pesa mfukoni mwangu, mimi nikiwa natafuna.

Alasiri kurukuu ilikuwa kazi. Magharibi sijafa. Isha sijafa. Hapo mama mkwe, baada ya kunichunguza vizuri, akauliza, "Vipi, kichwa kimoja kilibaki?"

"Kala wote wawili," mke wangu akasema. "Hata mkia hakutuwekea."

Kwa hivyo hesabu ilikuwa hivi: mchana nilikuwa nawalisha watu sumu, usiku nimekuwa mchoyo. Kwa samaki wale wale! Sasa mtu aniambie nilitakiwa nifanye nini. Si kwa mzaha, nauliza kweli. Niende sokoni na paka? Nimbebe kwenye kikapu, tupite meza baada ya meza, yeye anuse, mimi nilipe?

Picha nayo ilikuwa imeshasafiri. Kundi la ukoo lina watu kutoka Lamu hadi Maskati, na wote walikuwa macho. Shangazi wa Lamu alicheka kwa vile vikaragosi vya machozi mpaka skrini ikajaa. Ami wa Tanga akashauri nibadilishe muuzaji, na kama haikusaidia, miwani. Binamu wa Maskati aliuliza ile kanzu pale nyuma imeshonwa wapi, maana mimi kichwa changu kilikatwa, imebaki kanzu na mikono.

Haki haipotei, lakini inachelewa. Jumamosi majirani wakatuma picha za harusi yao, ile kazi ya wapishi Ijumaa asubuhi: masufuria, kina mama na vitunguu, vijana wanajifanya wanapanga viti. Nikazipitia moja moja, sina haraka, mtu aliyeshiba hivyo anakwenda wapi. Kwenye kona ya picha moja, chini ya meza, naona mkia. Mkia naujua. Nikatanua kwa vidole viwili. Balozi! Amekumbatia kichwa cha nguru kikubwa kuliko chake, macho kayafumba kwa raha. Na saa ya picha imeandikwa: tano na nusu. Yaani alipoletwa kwangu alikuwa keshashiba harusini, hata angepewa nini asingeonja.

Nikaita nyumba yote. Nikaweka simu katikati ya sebule. Nikasema, tazameni. Huyu ndiye shahidi wenu. Alikuja kutoa ushahidi ameshiba!

Binti akaichukua simu, akaisogeza karibu. "Maskini Balozi, katoka vizuri. Mwanga huo ni wa ubavuni, waona, Baba?"

Mama mkwe akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Si umeona? Samaki mzuri anamla."

Nikatoka nikaenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Huko nako kijana na mchumba wake wameinua mihogo ya kukaanga juu ya bahari, wanapiga picha, na kunguru wanne wamejipanga ukutani kungojea matokeo. Nikapitia Moi Avenue, na pale kwenye zile pembe za ndovu mpiga picha akanifuata: "Mzee, moja tu, ya kumbukumbu." Nimezaliwa hapa, nikumbuke nini? Tuktuk ya kurudi ilitaka nauli ya watalii. Na picha yangu ya kitambulisho hairuhusiwi hata kuitazama. Mtu wa ofisini alinambia nisitabasamu, na kwa foleni niliyokuwa nimepiga, agizo lile lilikuwa bure.

Afadhali hata samaki. Maji je? Mfereji wetu unakohoa tu wiki nzima. Ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu, unajipaka na kujikuna. Sasa hivi namsikia yule wa mkokoteni huko chini na mitungi yake, "Maji matamu! Maji matamu!" Juzi pia yalikuwa matamu, mpaka tulipoyapikia wali na kila mtu akaulizana nani katia chumvi mara mbili. Na bei anaipandisha kwa kutazama dirisha. Akiona pazia jipya, mtungi umepanda. Pazia lile nililikataa tangu dukani, nani alinisikia?

We! We wa maji! Simama hapo hapo, usiteremshe kitu! Nakuja nionje kwanza!