Diwani wa Jiji Zima Ni Diwani wa Nani?

Mwaka 1911 jiji la Mobile, Alabama, lilikabidhiwa kwa makamishna watatu waliochaguliwa na wapiga kura wa jiji zima. Kufikia miaka ya 1970, Wamarekani weusi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia kwenye tume hiyo. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilikuwa imeshawafungulia mlango wa kituo cha kura. Kilichowaangusha ni hesabu: weupe wakipiga kura kwa pamoja, wengi huzoa viti vyote vitatu, na theluthi nzima ya watu hutoka mikono mitupu kila mara.

Walishtaki. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawataka wathibitishe nia ya kubagua, si matokeo peke yake. Bunge likaibadili sheria hiyo ya 1965 mwaka 1982 ili matokeo yatoshe. (Nia nayo ilipatikana kesi iliporudishwa mahakama ya chini: barua ya mwaka 1909 ya mwanasiasa wa Mobile aliyekiri kuwa lengo lilikuwa kuizuia kura ya mtu mweusi, si ya mjinga.) Mwaka 1985 jiji likagawanywa kata saba, kila moja ikichagua diwani wake, na weusi watatu wakashinda.

Je, kata ndiyo dawa? Watetezi wa kura ya jiji zima si wote walio wabaguzi. Mfumo wa makamishna ulianzia Galveston, Texas, mwaka 1901, baada ya kimbunga kilichoubomoa mji, na wanamageuzi waliupenda kwa sababu madiwani wa kata walikuwa wakibadilishana fadhila huku jiji likikosa mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Ila mageuzi hayohayo yalizima pia sauti za mitaa ya maskini na wahamiaji, na sidhani kama wanamageuzi wote walisikitika.

Linalonisumbua zaidi ni hili: kata humsaidia tu anayeishi karibu na wenzake. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1986 iliwataka walalamikaji waonyeshe kwamba wanaweza kuwa wengi ndani ya kata moja isiyotapakaa. Yaani tiba inategemea utengano wa makazi, ambao wenyewe ni tunda la ubaguzi. Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) waliotawanyika mjini hawapati kitu. Na anayechora mipaka anaweza kuwarundika wachache wote kwenye kata moja, wapate kiti kimoja na wasisikike kwingine.

Port Chester, New York, ilipita njia nyingine mwaka 2010. Kila mpiga kura alipewa kura sita kwa viti sita, na ruhusa ya kumpa mgombea mmoja zote. Mlatino wa kwanza akachaguliwa bila mpaka kuchorwa.

Kisha kuna kalenda, ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ferguson, Missouri, ilikuwa na kata, na weusi walikuwa kama theluthi mbili ya wakazi, lakini mwaka 2014 baraza lake la madiwani sita lilikuwa na mweusi mmoja. Uchaguzi ulifanyika Aprili, mbali na ule wa kitaifa wa Novemba unaovuta umati. Wanaoitetea Aprili husema Novemba masuala ya mtaa humezwa na kelele za urais. Ni kweli, lakini kati ya diwani aliyechaguliwa na watu wasiomfuatilia sana na diwani aliyechaguliwa na wachache waliojitokeza, namchagua wa kwanza.