Angola Ilikosa Nini Ambacho Msumbiji Ilipata?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikishapita miaka kumi, utasikia watu wakisema: hao wamezoea kuuana, waacheni wamalizane. Maneno haya huniumiza. Ni nadra vita kudumu hivyo bila mkono wa nje. Bunduki zinatoka nje, na dhahabu au almasi inayozilipia hununuliwa nje.

Ndiyo maana nikifikiria jumuiya ya kimataifa isaidie vipi, akili yangu hurudi Angola. Mwezi Mei 1991, serikali na waasi wa UNITA walitia saini mkataba wa amani wa Bicesse huko Ureno, baada ya kupigana tangu 1975. Umoja wa Mataifa ukapeleka waangalizi wa kijeshi wapatao 350, katika nchi iliyo kubwa kuliko Ufaransa na Ujerumani zikiwekwa pamoja! Uchaguzi ukafanyika Septemba 1992 huku kila upande ukiwa bado na wapiganaji wake. Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, alipoyakataa matokeo, hakuwa na haja ya kutafuta jeshi; alikuwa nalo. Vita vikawaka upya, vikaisha 2002 baada ya yeye kuuawa. Kwa miaka mingi kati ya hiyo, almasi za UNITA ziliendelea kupata wanunuzi. Baraza la Usalama lilizipiga marufuku mwaka 1998 tu.

Msumbiji nayo, ambako serikali ilipigana na waasi wa Renamo, ilipata mkataba wake wa amani Roma, Oktoba 1992, baada ya mazungumzo ya zaidi ya miaka miwili yaliyosimamiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Safari hii Umoja wa Mataifa ulipeleka maelfu ya askari. Uchaguzi uliotarajiwa 1993 ukasogezwa hadi Oktoba 1994, ili wapiganaji wakabidhi silaha na kurudi uraiani kwanza. Wafadhili, Italia ikiwa mbele, walitoa hata fedha za kuisaidia Renamo igeuke kuwa chama cha siasa. Wapo waliochukizwa kuona kundi lililoua raia likilipiwa gharama, na uchungu wao nauelewa kabisa. Lakini Renamo ilishindwa uchaguzi ule, na haikurudi msituni wakati ule. Mapigano mengine yalizuka 2013, karibu miaka ishirini baadaye, wala hayakufikia ukubwa wa yale ya mwanzo.

Sasa itazameni Sudan, inayoungua tangu tarehe 15 Aprili 2023. Marufuku ya silaha ya Baraza la Usalama, iliyoanza 2004, inaihusu Darfur peke yake. Anayepeleka silaha sehemu nyingine za nchi hiyo havunji marufuku hiyo, ingawa vita ni vilevile na wapiganaji ni walewale. Kuipanua marufuku hiyo ifunike Sudan nzima kunahitaji kura tisa kati ya kumi na tano, pasiwe na kura ya turufu ya mwanachama wa kudumu. Mabalozi waanzie hapo, kabla hawajaitisha mkutano mwingine wa kuchangisha mahema ya wakimbizi.