Sugu wa jukwaani na Sugu wa bungeni

Joseph Mbilinyi alipochaguliwa mwaka 2010 kuwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya chama cha upinzani cha CHADEMA, wapo waliosema kwamba umaarufu wa muziki ndio uliombeba. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Vijana walikuwa wakimfahamu kwa majina ya 2Proud, Mr. II na hatimaye Sugu tangu katikati ya miaka ya 1990, na mgombea anayefahamika kiasi hicho huanza kampeni akiwa mbele ya mwenzake ambaye bado anajitambulisha. Hata hivyo, umaarufu hauelezi kwa nini wapiga kura walewale walimrudisha mwaka 2015, baada ya kumpima kazini kwa miaka mitano.

Maelezo yaliyo bora zaidi yamo katika aina ya muziki wenyewe. Mwanamuziki mwanasiasa aliyezoeleka Tanzania wakati huo alikuwa Kapteni John Komba wa kikundi cha sanaa cha TOT, mbunge wa chama tawala cha CCM, ambaye sauti yake nzito ilikuwa mali ya chama kabla hajawa na jimbo. Sugu alitoka upande wa pili. Wimbo wake wa Hali Halisi, wa mwaka 1998, ulieleza dhiki ya vijana na kuwanyooshea kidole wanasiasa. Kwa hiyo alipojiunga na upinzani hakuhitaji kubadili ujumbe. Alibadili ukumbi tu, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Katika wimbo msanii hushtaki na kuondoka, na hakuna anayesimama kumjibu. Bungeni waziri hujibu, tena kwa takwimu, na Spika ana kanuni zinazompa uwezo wa kumnyamazisha msemaji. Akiwa waziri kivuli, yaani msemaji wa upinzani, wa habari, utamaduni na michezo, Sugu alilazimika kuandika hotuba za kuichambua bajeti ya wizara, kazi inayodai subira ambayo jukwaa la muziki halimfundishi mtu. Subira hiyo ilimpungukia mara nyingine. Mwaka 2016 alisimamishwa vikao kumi kwa kuonyesha ishara ya kidole cha kati, na wakosoaji wake waliuliza, kwa haki kabisa, nani angesimama kuuliza swali la maji au barabara za Mbeya wakati mbunge yuko nje. Watetezi wake walijibu kwamba wabunge wa upinzani, kwa uchache wao, hawawezi kushinda kura yoyote ya maana, hivyo silaha yao ni kelele. Naona jibu hilo linatosha kwa hotuba kali, lakini haliwezi kutetea kidole.

Kesi ya mwaka 2018 ni jambo jingine kabisa, ingawa wapo wanaoichanganya na utovu huo wa nidhamu. Februari mwaka huo mahakama ya Mbeya ilimhukumu kifungo cha miezi mitano, pamoja na kiongozi mwenzake wa chama, Emmanuel Masonga, kwa maneno waliyoyasema kuhusu Rais Magufuli kwenye mkutano wa hadhara. Aliachiwa Mei. Anaweza mtu kuona lugha ya Sugu haifai, na bado akaona kwamba mbunge kufungwa kwa kumsema Rais kunawatia hofu hata wale wasiojua kughani ubeti mmoja.

Mwaka 2020 alishindwa na Dkt. Tulia Ackson, aliyekuwa Naibu Spika. Wengine huyasoma matokeo hayo kama hukumu ya Mbeya dhidi ya msanii wao. Mimi nasita, kwa sababu CHADEMA ilitangazwa kushinda jimbo moja tu nchi nzima, Nkasi Kaskazini, katika uchaguzi ambao upinzani uliukataa. Mwaka huohuo mwanamuziki mwingine wa kizazi kipya, Hamis Mwinjuma, maarufu Mwana FA, aliingia bungeni kutoka Muheza kupitia CCM, na mwaka 2023 akawa naibu waziri anayeshughulikia sanaa na michezo. Kwa msanii anayetaka kuigusa sera ya wasanii moja kwa moja, njia hiyo ni fupi zaidi. Gharama yake ni kwamba naibu waziri hawezi kuishambulia serikali ambayo yeye mwenyewe anaijibia.

Sugu alibaki upande wake, na mwaka 2024 alimshinda Mchungaji Peter Msigwa katika kinyang'anyiro cha uenyekiti wa CHADEMA Kanda ya Nyasa. Kipimo cha sanduku la kura la Mbeya hakikurudi: Aprili 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba chama chake, kilichokataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, hakitashiriki.