Mgeni wa Wikipedia: apewe mlezi au apewe jembe?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wikipedia haisubiri hata hiyo siku ya tatu. Jembe unakabidhiwa mlangoni. Bonyeza "Hariri", andika, hifadhi, na dunia nzima inasoma ulichoandika. Tangu ilipoanza Januari 2001, hiyo ndiyo imekuwa fahari yake, na miongozo yake inamhimiza mchangiaji awe jasiri, arekebishe kosa bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndiyo maana wazo la kumpa kila mgeni mlezi, yaani mchangiaji mzoefu wa kumwelekeza, halipokelewi kwa moyo mmoja na wenyeji wa kamusi elezo hiyo.

Chukua mgeni mmoja. Anasoma makala ya mwanamuziki fulani, anaona mwaka wa kifo umekosewa. Yeye anaujua kwa sababu alikuwapo mazikoni. Anafungua akaunti, anafuta 1998, anaandika 1997, anahifadhi. Dakika tatu baadaye 1998 imerudi, na kwenye ukurasa wake wa majadiliano kuna ujumbe wa kiolezo, yaani maneno yaliyoandaliwa tayari kwa ajili ya yeyote: hariri yako imetenguliwa kwa kuwa haina chanzo. Anarudisha 1997. Inatenguliwa tena, safari hii kwa onyo.

Mtu huyu hakuja kuharibu. Hakujua tu kwamba humu ndani macho yake mwenyewe si ushahidi. Mtu aliye hai akimwambia, "Nakuamini, ila msomaji hana namna ya kukuuliza wewe, tafuta gazeti la wiki ile, huenda habari ya msiba imo," ataelewa papo hapo. Akiambiwa na kiolezo, anachoelewa ni kwamba hatakiwi.

Wanaotetea ulezi wana mfano kama huo mikononi, tena wana takwimu pia. Idadi ya wahariri hai, yaani wanaohariri mara kwa mara, wa Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Mtafiti Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2013, walieleza sababu mojawapo: ili kupambana na waharibifu, jamii ilijitengenezea roboti na programu za kutengua hariri kwa kasi, na sheria zikawa ngumu kuguswa. Dawa ilikuwa ya waharibifu, lakini wageni wenye nia njema nao waliinywa. Wengi wao hariri zao za mwanzo zilikataliwa, wakaondoka. Kanuni ya kutowang'ata wageni ilikuwapo muda wote huo, imeandikwa vizuri kabisa. Tatizo la kanuni ni kwamba haiamkii mtu.

Mwaka 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilifungua Teahouse, ukurasa ambao mgeni anauliza lolote na kujibiwa kwa upole. Watafiti walipolinganisha wageni walioalikwa huko na wale ambao hawakualikwa, walioalikwa walielekea zaidi kuendelea kuhariri. Tangu 2018 kikosi kimoja cha Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, kimekuwa kikijenga ukurasa wa mwanzo wa mgeni, wenye kazi ndogondogo zilizopendekezwa na jina la mlezi aliyepangiwa na mfumo. Mgeni anabonyeza, anauliza, swali linafika kwa mlezi.

Upande wa pili hausikilizwi ipasavyo, pengine kwa sababu ni vigumu kupinga ukarimu bila kuonekana mchoyo. Hoja yake ya kwanza ni saa. Mlezi ni mtu wa kujitolea. Saa aliyomjibia mgeni ameitoa kwenye makala aliyokuwa anaiandika. Wengi wanaofungua akaunti hawahariri hata mara moja, na wanaohariri wengi hawarudi. Ukimpangia kila mmoja mlezi, mlezi anabaki jina linaloning'inia kwenye ukurasa. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe kwa muda mrefu iliwapangia walezi sehemu tu ya wageni, kwani walezi hawakutosha. Na kati ya maswali yanayofika, kuna lile la "Habari, naomba unisaidie kuandika makala kuhusu kampuni yetu." Huyo hatafuti kufundishwa. Anatafuta karani asiyelipwa.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Mgeni analeta rasimu yenye mapungufu sita. Mlezi mwema, kwa haraka na kwa huruma, anayarekebisha yote sita. Makala inapita, mgeni anashukuru sana, na wiki ijayo analeta rasimu nyingine yenye mapungufu yaleyale sita. Mbebwa hujikaza, lakini huyu hajawahi kuambiwa ashike wapi. Halafu kuna urithi wa chuki. Mlezi anayeamini kwamba makala ya aya moja ni aibu atamfundisha mwanagenzi wake kuziombea zifutwe. Mwingine angemwonyesha kwamba ile ni mbegu, imwagiliwe. Kanuni zilizoandikwa angalau kila mtu anazisoma zilezile. Ulezi wa watu wawili unazaa shule ndogondogo, kila moja na mwalimu wake.

Hadi hapo ningekaribia kusema jembe latosha, kama si yaliyotokea kwenye Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani na Kiingereza. Agosti 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala zake yaliandikwa na kijana mmoja Mmarekani ambaye Kiskoti hakijui. Alianza akiwa na miaka 12, akiandika Kiingereza kilichopindwa tahajia na kubadilishwa neno hapa na pale, na akafikia kuwa mkabidhi, yaani msimamizi, wa Wikipedia hiyo. Wengi walimcheka. Mimi nilijiuliza swali jingine: kwa miaka yote hiyo, nani alikaa naye? Alikuwa na bidii ambayo mhariri yeyote angeitamani, na alikuwa jasiri kama mwongozo ulivyotaka. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye lugha hiyo wa kumwambia, baada ya makala ya tatu, "Kijana, hii siyo." Angeweza kuelekezwa kwenye picha, majedwali, viungo, kazi zisizohitaji lugha. Badala yake aliachwa na jembe lake katika shamba la watu.

Ulezi, basi, una kazi. Nisichokubali ni mahali unapowekwa. Kumpangia mtu mlezi siku anapojisajili ni kumkabidhi mwalimu kabla hajapata swali. Hajui aulize nini, na pengine hatauliza kamwe. Swali huzaliwa hariri inapotenguliwa. Hapo mgeni ana hasira, ana sababu ya kusoma, na ana sentensi yake mwenyewe ya kufundishiwa. Kama wazoefu wana saa chache, na wanazo chache, ningeziweka zote hapo, hasa kwa yule aliyetenguliwa akarudi kujaribu tena. Aliyerudi ameshajichagua mwenyewe, na kwa kuwa hao ni wachache kuliko waliojisajili, mzigo unabebeka.

Kuna gharama, sikatai. Anayepambana na uharibifu usiku kucha hawezi kusimama kumwandikia kila mtu barua, na ukimlazimisha ataacha, na waharibifu watafurahi. Pia kutofautisha mkaidi na mgeni aliyechanganyikiwa si rahisi. Wote wawili wanarudisha 1997. Na katika Wikipedia za lugha ndogo, zenye wakabidhi wa kuhesabika kwa vidole, anayetengua na anayepaswa kueleza huenda ni mtu mmoja. Huyo hana wa kumwachia. Abadilishe tu kiolezo: aondoe neno "onyo" kwenye ujumbe wa kwanza, na mahali pake aandike ni chanzo cha namna gani kinachohitajika, na kinawekwa wapi ndani ya sentensi.